Ushanga wa Jumana

Ofisi ya leseni ilitaka jina la mtu mmoja. Kituo cha Mama Fawwaz kilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba yake ya mawe ya manjano mjini Salt, na kilikuwa kikilea watoto wa mtaa tangu walimu wa shule ya wasichana walipoanza kumwachia vichanga wao wakienda kazini. Muda wote huo hakuna aliyeuliza karatasi. Sasa sheria ilitaka kila chumba cha wachanga kiwe na mlezi aliyepita mafunzo: ukuaji wa mtoto, usalama, huduma ya kwanza, na mwisho asubuhi nzima ya kufanya kazi mbele ya mkaguzi. Jina la mlezi huyo lingeandikwa kwenye leseni, na leseni ingetundikwa karibu na mlango, kila mzazi aione akiingia.

Itidal aliamini jina hilo ni lake. Alikuwa ameolewa na Fawwaz, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, na tangu harusi yake chumba cha wachanga kilikuwa mikononi mwake. Alijua nani hulala ubavu, nani hutapika akicheka, nani hataki kuvuliwa soksi. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Kwa hiyo mtaani waliendelea kumwita Itidal, jina tupu, kama binti ambaye bado yuko kwa baba yake.

Kisha Muin, mdogo wake Fawwaz, akaoa Rudayna, na baada ya muda mfupi tu Rudayna akawa Mama Jumana.

Majirani wakisikia kuwa wake wa ndugu wawili wanatumia ngazi moja, hutega masikio. Kwa hawa wawili hawakusikia kitu. Itidal hakuwa mtu wa kelele. Wivu wake ulikuwa wa kimya na wa utaratibu, kama alivyokunja nguo za watoto: kila kitu mahali pake, hakuna ncha inayojitokeza. Alijua sauti ya ndara za Rudayna kwenye ngazi. Alijua kwamba siku za Ijumaa, sinia la wali likiwekwa, mkono wa mama mkwe ulivunja kipande kizuri cha nyama na kukisukuma upande wa Rudayna, "kwa sababu ananyonyesha." Jumana alipoanza kula chakula kigumu, kipande kile kiliendelea kwenda upande uleule.

Na alijua habari ya ushanga. Kila asubuhi Jumana alishushwa kituoni akiwa na ushanga wa buluu umepachikwa begani kwa pini, kinga ya jicho la hasidi. Watoto wengine walikuja na zao pia, hilo ni jambo la kawaida. Lakini Itidal alikuwa amepanda juu mara nyingi ghafla, kuazima chumvi au kurudisha sufuria, na huko juu Jumana alitambaa begani hana kitu. Ushanga ulikuwa wa chini tu, wa chumba alichokuwamo Itidal. Hakumuuliza mtu. Aliuzoeza ulimi wake kusema mashallah kabla mkono haujamgusa mtoto, kama mgeni anavyopiga hodi.

"Mtakwenda mafunzoni nyote wawili," Mama Fawwaz alisema siku barua ya ofisi ilipofika. Alikuwa akichambua dengu na hakuinua macho. "Nitakayemwona anafaa, jina lake litakwenda ofisini."

"Mama, mimi nimo chumbani humo tangu—"

"Najua umo tangu lini. Nimesema nyote wawili."

Rudayna alikuwa amesimama mlangoni na Jumana kiunoni. "Dada Itidal atanifundisha njiani," alisema huku akicheka. "Mimi hata nepi nafunga upande."

Alisema kwa wema. Itidal aliligeuzageuza neno hilo siku nzima akitafuta mwiba ndani yake.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi juu ya zahanati. Mwalimu wao, Bi Nuha, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza mboga, na alifundisha kwa mikono. Aliwapa mwanasesere wa mpira na kuwaonyesha namna ya kumwokoa mtoto aliyepaliwa: umlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni kwa kitanga. Akawaonyesha namna ya kumbonyeza kifua kwa vidole viwili mtoto aliyeacha kupumua. Itidal alifanya kama alivyoonyeshwa, pole pole, bila kosa, na Bi Nuha akasema, "Sawa. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Rudayna. Alimshika mwanasesere, akamwinamia na kumwambia, "Usife, habibi, mama yako hajamaliza kufua." Darasa zima likacheka. Akabonyeza, na vidole vyake vikatua mahali panapotakiwa.

"Tazameni," alisema Bi Nuha. "Huyu anamshika kama mtoto, hamshiki kama mfuko wa unga. Una watoto wewe?"

"Mmoja, mwalimu. Jumana wangu."

Tangu hapo kila jibu la Rudayna lilianza na Jumana wangu. Jumana wangu alipoota jino. Jumana wangu akitaka kusimama. Itidal alikuwa amewaona watoto wengi mno wakiota meno, lakini hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwita wake. Nyumbani, Fawwaz akiwa dukani, aliweka mto sakafuni na kuubonyeza kwa vidole viwili mpaka kitambaa kikabonyea.

Siku ya somo la usalama, Bi Nuha alimwaga mezani vitu alivyosema vilitolewa miilini mwa watoto vituoni: kamba za chuchu bandia, bangili ndogo za dhahabu, pini, vishikizo, na shanga za buluu nyingi. Alieleza pole pole. Mtoto alazwe chali. Asipewe maji ya kisibiti kwenye chupa hata bibi yake akilia machozi. Asivae mwilini kitu chochote kinachoweza kung'oka na kuingia kinywani. Na mlezi ampokee kila mtoto mlangoni, ampapase nguo, na avitoe vitu hivyo kabla mtoto hajaingia chumbani.

"Ushanga pia, mwalimu?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mama mkwe wangu atanitoa mimi kabla ya ushanga."

"Mwambie aushone kwenye pazia. Jicho likiingia lianze na pazia."

Wakacheka tena. Rudayna alisema, "Kwetu hilo litakuwa gumu," na kwa mara ya kwanza hakucheka na wenzake.

Itidal hakucheka pia. Alikuwa ameketi wima, na ndani yake kulikuwa na furaha ambayo hakuitarajia. Kitu kilichokuwa kikipachikwa kila asubuhi kwa ajili yake, sasa sheria yenyewe ilisema kitolewe, na kitolewe kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni mwa chumba cha wachanga na gudulia la kioo lililooshwa. Wa kwanza aliyemshika alikuwa Jumana, ingawa mtoto wa mwalimu Suad alikuwa amefika mapema na alikuwa karibu zaidi. Alisema mashallah, akafungua pini, akautia ushanga guduliani. Mlio wake ulikuwa mdogo. Kisha akawaendea wengine.

Mama Fawwaz aliliona gudulia dirishani kabla hajavua shali.

"Nini hii?"

"Sheria, Mama. Tumefundishwa. Muulize Rudayna."

Rudayna alikuwa akimfunga mtoto kiatu. "Ndiyo, Mama. Wamesema hivyo."

Mama Fawwaz alilitazama gudulia, kisha akamtazama Itidal. "Sawa, sheria," alisema taratibu. "Lakini ulianza na wa nani?"

Itidal alifunga kifuniko cha gudulia. Mama mkwe hakurudia swali.

Kabla ya alasiri Jumana alikuwa na homa.

Haikuwa homa kubwa. Mashavu yalikuwa mekundu, mtoto alitafuna ngumi yake na kulia akiguswa sikio. Rudayna alimpandisha juu. Itidal alipomaliza kuwakabidhi watoto wengine kwa mama zao alipanda na bakuli la supu. Mlango ulikuwa wazi, na akanusa moshi kabla hajavuka kizingiti.

Mama Fawwaz alikuwa amepiga magoti mbele ya chetezo. Alikuwa amemzungushia mtoto kipande cha jiwe la shabu juu ya kichwa huku akisoma, na sasa shabu ilikuwa juu ya makaa, inatokota, inavimba, inageuka povu jeupe. Likikauka povu hilo huchukua sura, na sura hiyo ndiyo ya aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Rudayna alikaa kitandani, Jumana mapajani. Wote wawili walikuwa wakitazama makaa.

"Ni mwanamke," Mama Fawwaz alisema. "Huu ushungi wake. Hili bega."

Hakutaja jina. Ndipo akageuka na kumwona Itidal mlangoni na bakuli lake.

"Ni jino," alisema Itidal. "Mama, anatafuna ngumi. Apunguzwe nguo, apimwe joto. Rudayna, ulikuwepo darasani."

"Nilikuwepo," alisema Rudayna.

"Basi sema."

Rudayna aliinamisha uso kwenye nywele za mtoto. Shabu iliendelea kutoa sauti ndogo juu ya makaa.

"Mwache," alisema Mama Fawwaz. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Itidal aliweka bakuli sakafuni pale pale mlangoni akashuka. Kwenye ngazi alisimama kidogo akashika ukuta. Alikuwa akijiuliza swali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata kwa nafsi yake, alilijibu. Je, alimtazama mtoto yule kwa jicho baya? Mtoto, hapana. Mama yake, ndiyo, kila siku.

Jino lilitoka. Homa ikaisha. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa ndani ya nyumba, na wiki ya ukaguzi Mama Fawwaz alipanga watu upya. Rudayna angesimama na wachanga mbele ya mkaguzi. Itidal angekaa na wakubwa, chumba cha pili.

"Wewe unawamudu wale wanaokimbia," alimwambia.

"Na jina la kwenye leseni?"

"Tuone kwanza siku yenyewe."

Siku yenyewe ilikuja na Bi Wisal, mkaguzi, mwanamke mwembamba wa mji uleule, mwenye viatu vya raba. Alikataa chai ya majani ya maramiya mpaka amalize. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, akatazama. Alimtazama Rudayna akibadilisha nepi, akilisha, akimlaza mtoto chali. Kupitia kioo cha mlango Itidal alimwona Rudayna akitenda yote vizuri, akiimba huku anatenda, na alimwona mkaguzi akitabasamu. Mbele yake mwenyewe watoto wawili walikuwa wakigombania ndoo.

"Sasa badilishaneni," alisema Bi Wisal. "Kila mmoja akague chumba cha mwenzake. Ataje kwa sauti kila chenye hatari kwa mtoto. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo msikimbilie."

Rudayna alianza. Alikizunguka chumba cha wakubwa, akaona kitundu cha umeme kisicho na kifuniko nyuma ya kabati. Alikitaja kwa sauti safi. Itidal alihisi uso wake ukichemka. Alikuwa hajakaa katika chumba kile hata wiki moja.

Kisha ikawa zamu yake, na akaingia chumba chake mwenyewe kama mkaguzi. Mama Fawwaz alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

"Kamba ya pazia imefungwa juu, sawa," alisema Itidal. "Kuna mto kwenye kitanda cha mtoto wa mwalimu Suad, utolewe. Ndoo haina maji, sawa." Alikwenda kitanda kwa kitanda, akiwapapasa watoto nguo kama walivyofundishwa: kola, mabega, mgongo, kiuno. Alifika kwa Jumana. Alisema mashallah, akamnyanyua. Jumana alimcheka na kumvuta ushungi.

Chini ya gauni, ndani ya fulana, nyuma ya bega la kulia, kidole chake kiligusa kitu kigumu.

Alijua mara moja. Alipapasa tena: pini haikufungwa vizuri, ncha ilikuwa imeanza kutoka kwenye kifuniko chake. Aliinua macho akakutana na macho ya Rudayna, na uso wa Rudayna ulikuwa umeishiwa damu.

Furaha ilimpanda Itidal kifuani, na aliitambua kuwa ni furaha. Nyuma yake ikaja hofu. Akisema, Rudayna ataanguka, na nyumba nzima itasema, ni yeye tena, hakutosheka na homa. Asiposema, ataanguka yeye, kwa maana mkaguzi alikuwa amesimama na huenda angempapasa mtoto mwenyewe. Na ncha ile ilikuwa pale, upana wa kucha kutoka kwenye ngozi.

"Kuna pini," alisema. "Ndani ya fulana. Bega la kulia. Imefunguka."

"Itoe."

Aliweka kiganja chake kati ya pini na ngozi, akaitoa. Ushanga wa buluu ulining'inia kwenye vidole vyake.

"Nani ameiweka?" Bi Wisal aliuliza.

Mama Fawwaz alishusha mikono yake.

"Imewekwa kwa sababu yangu," alisema Itidal. Sauti yake haikupanda. "Wanaogopa jicho langu. Mtoto aliugua siku nilipoutoa."

Bi Wisal alizaliwa Salt na hakuhitaji kuelezwa. "Nimeuliza nani, dada, sikuuliza kwa nini."

"Ni mimi," alisema Mama Fawwaz. "Mimi bibi yake. Niandike mimi."

"Wewe huna mtihani leo, Mama. Mlezi wa chumba ndiye anayempokea mtoto mlangoni na kumpapasa." Alimgeukia Rudayna. "Ulimpapasa huyu?"

"Wengine wote niliwapapasa," alisema Rudayna. "Huyu ni mwanangu. Nimemvisha mwenyewe."

Bi Wisal aliandika. Alisema Rudayna atarudia ukaguzi pamoja na kundi lijalo, na kwamba hilo si aibu, wengi hurudia. Alisema Itidal amepita. Kisha akakubali chai, na Mama Fawwaz akaenda kuitengeneza, akatia sukari mara mbili.

Leseni ilipofika, Fawwaz aliitundika mwenyewe karibu na mlango, akarudi nyuma kuitazama, akasema, "Imekaa sawa." Jina la Itidal lilikuwa pale, pamoja na jina la baba yake na la babu yake. Mwalimu Suad alikigusa kioo cha leseni akisema, "Hongera, Sitti Itidal," na hilo Sitti, jina la bibi wa heshima, halikuwahi kusemwa kabla.

Rudayna aliendelea kuja. Alifanya kazi na wakubwa sasa. Asubuhi alimleta Jumana mpaka mlangoni na kumkabidhi bila ushanga, na mchana alikuja kumchukua. Walisemezana kuhusu nepi na maziwa. Siku moja, watoto wengine wamekwisha kwenda, alikuja akamkuta Jumana amelala chali, mikono juu, na Itidal ameketi kando akikunja shuka.

"Amelala?"

"Amelala."

"Kwangu halali mchana," alisema Rudayna. "Namtembeza mpaka miguu inauma."

Itidal alikunja shuka nyingine. Neno lilikuwa likimkaa kooni tangu siku ya mkaguzi, na sasa akalitoa. "Ulisema umemvisha mwenyewe."

"Ndiyo."

"Basi si Mama."

"Mama hajawahi kukupachikia ushanga, dada. Alisema vile kuniokoa. Ule ni wa kwetu, nilivaa mimi nikiwa mchanga. Nilikuwa nampachikia akishuka, namvua akipanda."

"Kwa ajili ya jicho langu."

"Nilijiambia hivyo." Rudayna alikuwa akimtazama mtoto. "Ukiingia, ananyoosha mikono kwako. Nikiwa nimembeba mimi, ananyoosha mikono kwako. Nilitaka ashinde na kitu changu mwilini. Basi."

Itidal aliacha kukunja. "Na ile shabu?"

"Nilijua ni jino."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Wewe ulianza na ushanga wake, mimi nikanyamaza." Alivuta pumzi. "Nipe mwanangu, nimechoka."

Alimnyanyua Jumana. Mtoto, usingizini, alikuwa ameukamata ushungi wa Itidal, na Itidal aliinama akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine, pole pole, ili asiamke. Ndara za Rudayna zikapanda ngazi. Mlango wa juu ukafungwa.

Itidal alizima taa ya chumba cha wachanga na kusimama pale gizani na mkono ukutani. Haukupita muda akasikia, kupitia dari, Jumana akiamka na kulia. Akasikia ndara za Rudayna zikienda dirishani na kurudi, zikienda na kurudi, na sauti yake ikiimba wimbo uleule aliouimba mbele ya mkaguzi, na mtoto hakunyamaza.

Angeweza kupanda. Ngazi zilikuwa fupi, na mlango ule haukufungwa kwa ufunguo kamwe. Alibaki pale alipokuwa, kichwa kimeinuliwa, akisikiliza mpaka mwisho.